Mvinyo wa Dodoma Hadi Bandari ya Miami

Kwenye Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, chupa ya pombe husafiri ndani ya begi kubwa, lile unaloliacha kaunta na kulikuta ng'ambo. Ukiiweka kwenye begi la mkononi, mkaguzi ataitoa mbele ya foleni nzima. Bandari ya Miami, wanakopandia meli za kitalii, mambo yamegeuzwa: chupa uliyoruhusiwa kuingia nayo uibebe mkononi, na ukiitia kwenye begi kubwa ndipo unapojitafutia maneno. Chupa ni ileile, mwenyewe ni yuleyule, na kati ya lango moja na jingine hazijapita siku nyingi. Nimeyapita malango hayo na chupa zangu zikafika nzima, na kwa kuwa kila msimu wa likizo kuna ndugu anayeniuliza, bora niandike mara moja.

Safari ilikuwa ya dada yangu anayeishi Houston. Alikuwa anatimiza miaka hamsini, na badala ya kukodi ukumbi na mshereheshaji akatulipia vyumba kwenye meli inayozunguka Karibea kutoka Miami. Sisi wa Dar tukajitafutia nauli ya ndege. Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa mfupi: mje na kitu cha nyumbani. Ukoo wetu hauna watu wa kutafsiriwa jambo kama hilo. Wiki moja baadaye zilikuwa zimekusanyika Konyagi tatu za mililita 750, mvinyo mwekundu wa Dodoma, na dumu la mbege ambalo mama mkubwa alilituma kwa basi kutoka Kibosho akiagiza lifike Marekani kama lilivyo.

Tuanze na ndege, maana ndiyo inayoogopwa bure na kudharauliwa bure. Watu wengi hudhani shirika la ndege linachukia pombe. Kinachoogopwa ni moto. Kileo hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na cheche huwaka. Pombe ya asilimia 40 inaweza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na hilo ni joto ambalo Kariakoo mchana hulipita bila jasho. Mvinyo wa asilimia 12 au 13 unahitaji joto kubwa zaidi kwa mbali. Ndiyo maana kanuni zinazofuatwa na mashirika karibu yote zimepangwa kwa nguvu ya kinywaji. Kisichozidi asilimia 24, yaani bia na mvinyo wa kawaida, hakina kikomo kwa upande wa usalama. Kitakachokubana ni kilo zako tu. Kilichozidi asilimia 24 hadi 70, kila abiria ana ruhusa ya lita tano kwa jumla, na kila chupa iwe kwenye chombo chake cha dukani, haijafunguliwa. Kilichozidi asilimia 70 hakipandi kabisa, si mkononi wala kwenye begi kubwa.

Konyagi ni asilimia 35. Chupa zetu tatu zilikuwa lita mbili na robo, nusu ya haki ya mtu mmoja haijafika. Kwa hiyo upande huo hatukuwa na la kubishana na mtu. Kwenye begi la mkononi, kumbuka, kikomo ni mililita 100 kwa kila chombo, kanuni iliyoingia baada ya polisi wa Uingereza kutangaza, Agosti 2006, kwamba wamezima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Kabla ya hapo wazee wetu walipanda ndege na chupa miguuni.

Mbege ilikuwa kesi nyingine. Kwa hesabu ya moto haina tatizo, kileo chake ni kidogo. Tatizo lake ni kwamba bado iko hai. Ndizi na ulezi vinaendelea kuchacha ndani ya dumu, gesi inajaa, na ukikaza kifuniko umetengeneza bomu la unyevunyevu litakalofumukia kwenye nguo za abiria usiyemjua. Ukilegeza kifuniko, inavuja. Mnazi ni hivyo hivyo, na wenzangu wa Pwani wanaoujaza kwenye chupa za maji wakidhani wamemaliza kazi wanalijua hilo. Mama mkubwa alipigiwa simu na kuelezwa kwa heshima zote. Mbege ikanywewa Kimara siku hiyohiyo, na sidhani kama ingepata walaji bora zaidi Florida. Kuhusu gongo, kuna binamu aliyeinong'ona. Pombe isiyo na lebo wala kipimo, iliyopigwa marufuku kisheria hapa kwetu, unaipeleka kwenye mashine ya eksirei ukaseme ni nini?

Kufunga mzigo kuna wataalamu wake, na katika familia yetu mtaalamu ni mke wangu. Kanga mbili kwa kila chupa. Moja inazungushwa shingoni hadi unene ulingane na tumbo, maana shingo ndiyo huvunjika kwanza. Ya pili inafunga mwili mzima. Kisha chupa inalala katikati ya begi, nguo nzito chini, nguo nzito juu, viatu pembeni, na isigusane na chupa nyingine wala ukuta wa begi. Wazungu huuza mifuko maalumu yenye viputo vya hewa na kifungio kisichovuja. Ni mizuri, lakini kanga ukifika unaivaa. Zamani tungeongezea mfuko wa rambo kuzuia kuvuja. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, ingawa ule mdogo wa zipu unaotumika kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege umeachwa.

Kuna hofu moja nataka niiondoe. Utaambiwa kwamba kule chini ya ndege hakuna hewa, hivyo kizibo kitachomoka au chupa itapasuka. Si kweli. Sehemu ya mizigo kwenye ndege kubwa za abiria inajazwa mgandamizo wa hewa sawa na kule mlikokaa ninyi. Ingekuwa vinginevyo, mbwa na paka wanaosafirishwa humo wasingefika. Kinachovunja chupa ni mikono ya watu na mkanda wa mizigo. Na kinachokugharimu ni uzito: chupa moja ya mvinyo ina kilo moja na robo au zaidi, kioo chenyewe kikichukua karibu nusu. Ukiwa na kilo 23, chupa nne zimekula zaidi ya moja ya tano ya haki yako.

Tulipita Amsterdam. Pale dukani kwa bidhaa zisizotozwa ushuru shemeji mmoja alinunua wiski, ikatiwa kwenye mfuko uliofungwa kwa gundi maalumu pamoja na risiti yake. Mfuko ule haufunguliwi njiani. Na hata kama ungefunguliwa, sheria ya Marekani inakataza abiria kunywa ndani ya ndege pombe yake mwenyewe. Unakunywa ile unayopewa na mhudumu, basi. Tulipotua Atlanta, kituo chetu cha kwanza kwenye ardhi ya Marekani, kila mtu alichukua mabegi yake na kupita nayo forodhani hata kama yalikuwa na lebo ya Miami. Hapo ndipo mahali pa kuihamishia chupa kama ile kwenye begi kubwa kabla hujalikabidhi tena, kwa sababu mbele yako kuna ukaguzi mwingine, na mfuko ukishachanika au mashine ikishindwa kuisoma chupa, wiski inabaki kwao.

Forodha wao hawaogopi moto, wanaangalia kodi. Mgeni aliyefikisha miaka 21 anaingiza lita moja ya pombe bila ushuru. Zaidi ya hapo hukatazwi, ila unaweza kudaiwa ushuru, ambao kwa chupa moja mbili za matumizi yako mara nyingi ni dola chache. Muhimu ni kutamka. Sisi tulitamka kila kitu. Ofisa aliyetukagua alizitazama Konyagi kidogo kuliko nilivyotarajia. Kilichomshughulisha ni dagaa wa Kigoma. Aliwanusa, akaita mwenzake, wakajadiliana, akaturudishia. Mpwa wangu wa miaka 19, ambaye Dar anaagiza bia bila kuulizwa, aligundua hapo kwamba amerudi kuwa mtoto. Umri wa kunywa Marekani ni miaka 21, na majimbo yote yalisukumwa kufika hapo na sheria ya mwaka 1984. Meli zinazoondoka kwenye bandari zao kwa kawaida hushika umri huohuo.

Sasa bandari. Konyagi hatukuipeleka melini, na haikuwahi kuwa na mpango wa kwenda. Usiku wa kuamkia safari tulilala hotelini Miami, ndugu wa Texas na wa Maryland wakaja, na kazi ya zile chupa tatu ikaishia chumbani kwa dada kwa heshima zote. Pombe kali hairuhusiwi kuingizwa na abiria kwenye meli za kampuni kubwa za Marekani, iwe imefungwa au imefunguliwa. Royal Caribbean na Carnival humruhusu kila mtu mzima chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750 siku ya kupanda, nayo iwe kwenye begi la mkononi. Disney hutoa nafasi kubwa zaidi, mvinyo chupa mbili au bia sita. Norwegian hukuachia mvinyo zaidi lakini kila chupa wanakulipisha ada. MSC, nilipoyasoma masharti yao, walikuwa hawataki abiria aje na kinywaji chochote chenye kileo. Masharti haya hubadilika, hivyo usiyachukue kutoka kwangu ukaenda kugombana nayo kwenye ngazi ya meli.

Kwa nini ukali wote huo? Wenyewe husema usalama, na ukweli upo kidogo, maana mlevi juu ya maji ni hatari kuliko mlevi wa nchi kavu. Lakini tuseme lililopo. Meli hizi huuza tiketi kwa bei ya chini kisha hutafuta faida baada ya kukufungia ndani: baa, kasino, matembezi ya bandarini, picha. Katika hesabu za Carnival, kampuni kubwa kuliko zote, mauzo hayo ya ndani hukaribia theluthi moja ya mapato. Kokteli moja ni dola 12 hadi 14, juu yake inakaa asilimia 18 au 20 ya huduma ambayo hujaulizwa. Au unanunua bando la vinywaji, kama la intaneti, na hapo kampuni kadhaa hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja walinunue ili mmoja asinywe kwa mgongo wa mwenzake. Kwa bei hizo, chupa ya ramu ndani ya begi lako ni mshindani wao wa kibiashara. Sioni ubaya wa duka kukataa mteja aje na bidhaa yake. Ninachokiona kibaya ni kuliita jambo hilo jina jingine.

Na historia ya bahari ile inachekesha. Kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima, na visiwa vya Bahamas, vilivyokuwa chini ya Waingereza, vikawa ghala. Bimini iko kilomita 80 hivi tu kutoka Miami. Maboti yalipishana usiku yakipeleka wiski na ramu, na nahodha Bill McCoy akajipatia sifa kwa kuegesha nje ya mpaka wa maji ya Marekani na kuuza kwa yeyote aliyemfuata. Wenye uwezo walifanya la wazi zaidi, wakapanda meli za kampuni za Kiingereza zilizotoka New York kwenda popote ilimradi wakanywe zikishavuka mpaka wa maji ya nchi. Miaka mia imepita. Siku hizi abiria ndiye anayepigwa eksirei asiingie na chupa kwenye meli iliyojaa baa.

Njia za panya zipo, tena nyingi. Watu huuza mifuko laini ya kutia pombe isiyoonekana vizuri kwenye mashine. Wengine hutia vodka kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia mdomo, wakaitia rangi ya kijani ya keki. Wengine hupendelea chupa za shampuu, na hao nawahurumia, kwa sababu shampuu haiishi ndani ya chupa yake hata uioshe mara ngapi. Kijana mmoja wa Likoni aliyekuwa akihudumu kwenye baa ya sitaha ya juu, ambaye alitusikia tukibishana kwa Kiswahili akaja mwenyewe kusalimia, alituambia kwamba wakaguzi wameshayaona yote hayo. "Shikamoo mzee," alinianza, kisha akacheka. "Wanadhani ni wao wa kwanza. Yule wa mashine akiona maji yanayocheza ndani ya soksi, anajua." Begi lililoshukiwa haliletwi mlangoni pako. Linabaki kwenye chumba cha chini, wewe unaitwa ukalifungue mwenyewe, na unaona aibu mbele ya foleni ya wenzako waliokamatwa na pasi za umeme na chupa za ramu. Kampuni nyingine hukuwekea chupa hadi siku ya kushuka, nyingine huitupa na hulipwi.

Ndiyo maana asubuhi ya kupanda, kwenye kitanda cha hoteli, mke wangu aliifungua ile kazi yake yote ya kanga na kuhamisha mvinyo wa Dodoma kutoka begi kubwa kwenda kwenye mikoba ya mkononi, chupa moja kwa mtu mzima. Makuli wa bandari huyachukua mabegi makubwa pale pale unaposhuka kwenye gari, na ukishaligusisha lebo ya karatasi hulioni tena hadi jioni mlangoni kwa chumba chako. Kwa hiyo uhamishaji ufanyike hotelini. Bandarini hakuna nafasi, jua linachoma na wenye magari nyuma yako wanapiga honi.

Shemeji yangu wa Tanga, aliyemwoa mdogo wangu, mtu wa swala tano, alituponza kidogo kwenye hesabu. Tulikuwa na chupa moja zaidi ya wanywaji, na ndugu mmoja akapendekeza haki ya shemeji itumike, aibebe tu hadi ndani. "Kubeba nako kumo," alijibu, na hapakuwa na mjadala. Chupa hiyo tukamwachia mpokezi wa hoteli, Mhaiti mwenye umri wa mama, ambaye alisoma lebo mara mbili na kuuliza Dodoma iko wapi. Ni sawa. Anayetaka ruhusa ya mtu asiyekunywa imkinge yeye na chupa yake anamtwisha mwenzake mzigo usio wake.

Mvinyo wenyewe ulifanya kazi iliyokusudiwa. Ukiunywa chumbani hulipii kitu. Ukiupeleka kwenye ukumbi wa chakula kampuni nyingi hukutoza ada ya kufungua, dola 15 kwenye zile zilizo maarufu. Tulilipa, kwa sababu dada alitaka uwe mezani usiku wa siku yake. Mhudumu, Mfilipino, alimdondoshea dada kidogo auonje kama inavyofanywa. Wageni wa meza ya jirani wakaonjeshwa pia, na ikabidi nieleze mambo: kwamba zabibu zililetwa Dodoma na wamisionari Waitaliano, kwamba nchi ile ni kame, na kwamba kwa joto lake mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi kuliota. Mmoja alisema ni mtamu mno. Hakukosea, lakini hakuulizwa.

Cozumel, Mexico, watu wetu walinunua tekila. Ukirudi melini na chupa ya bandarini inapokewa mlangoni, unapewa stakabadhi, na unarudishiwa usiku wa mwisho. Hakuna anayekasirika kwa sababu kila mtu ameambiwa mapema. Tulipofika tena Miami, malango yakaanza upya kwa mpangilio wa kwanza: tekila kwenye begi kubwa, kanga mbili, katikati ya nguo. Na nyumbani nako kuna lango lake, kwani sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria mtu mzima aingie na pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili, bila ushuru.

Kama unakwenda, ushauri wangu ni huu. Pombe kali ya nyumbani wapelekee wenyeji wako, mnywe nchi kavu kabla ya kupanda. Melini peleka mvinyo, chupa moja, mkononi, na usome masharti ya kampuni yako wiki ileile ya safari. Kama chupa haina habari ya nyumbani ndani yake, usiisafirishe kilomita maelfu. Florida supamaketi zinauza mvinyo kwa bei ya kawaida, na pombe kali ipo kwenye duka lake la pembeni. Mbege, mwachie mama mkubwa.